Mgongo wa Baba Mbele ya Goli

Bao lililotuumiza Jumapili lilifungwa na Orest Dubyk, na Orest Dubyk ni beki wetu.

Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Mechi ya kwanza kati ya tatu za fainali ya hoki ya barafuni tulishinda sisi, Nyegere wa Halvard, na hii ya pili ilikuwa mbili kwa mbili, ugenini Minto Flats, kwenye uwanja wao wa barafu wenye paa linalovuja. Kisahani kikamfikia Wade Thorburn, yule jamaa wao mwenye mapaja kama magogo. Wade akainua gongo lake hadi juu ya bega. Wade akiinua gongo, mtu mwenye akili hukumbuka shughuli aliyoiacha mahali pengine. Orest hana akili hiyo. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini na mitano kazi yake imekuwa kujitupa mbele ya mashuti: amezuia kwa kifua, kwa paja, kwa tako, na mara moja kwa sikio. Akapiga goti, akalala ubavu juu ya barafu kama mtu aliyefika kitandani kwake, na kile kidude cheusi cha mpira mgumu, kisichozidi kiganja cha mtoto, kikamgusa ncha ya kiatu. Ncha tu. Kikabadili njia, kikapanda, kikapita juu ya bega la kipa wetu na kutulia wavuni.

Kipa wetu ni binti yake.

Kalyna Dubyk, miaka ishirini na mitatu, alikuwa amelinda goli la chuo kwa miaka minne kabla ya kurudi nyumbani kufanya kazi kwa daktari wa mifugo. Mwezi wa Novemba kipa wetu Lyle aliteguka nyonga akishuka ngazi za kanisa, na tangu siku hiyo goli la wanaume wa Halvard linalindwa na mwanamke, na linalindwa vizuri kuliko lilivyowahi kulindwa. Sasa alisimama pale akimtazama baba yake aliyelala. Tangu kipindi cha kwanza alikuwa hajaona kitu chochote isipokuwa mgongo mpana wenye namba nne, na juu ya namba nne, jina lake mwenyewe la ukoo.

"Samahani," alisema Orest, bado yuko chini.

"Amka, baba," alisema Kalyna. "Watu wanapiga picha."

 

Walirudi watatu kwenye kiti kimoja cha pikapu, Loretta akiendesha. Loretta ni mke wa Orest, mama wa Kalyna, na kocha wa Nyegere. Ukocha ulimwangukia kwa sababu kocha wa kwanza alihamia Alberta na wa pili alihamia makaburini, na ni yeye peke yake aliyebaki akijua funguo za uwanja ziko wapi. Nje theluji ilikuwa inavuka barabara kwa ulalo, haina haraka, kama ng'ombe.

"Nilikigusa," Orest alisema baada ya kilomita thelathini.

"Tuliona," alisema Loretta.

"Hata kama nisingekigusa kingeingia."

"Kilikuwa kinakuja kwenye glavu yangu," alisema Kalyna. "Nilikuwa nimeshaifungua. Nilikiwekea mlango wazi, nimekitandikia na mkeka. Wewe ukakishika mkono ukakipeleka juu."

"Hukuweza kukiona."

"Sikukiona kwa sababu yako. Nilimwona Wade akiinua gongo, halafu nikakuona wewe, halafu nikaona taa nyekundu ya bao ikiwaka nyuma yangu. Hiyo ndiyo mechi niliyoitazama mimi. Wenzangu wamecheza hoki, mimi nimetazama shati."

Loretta aliuma mdomo kwa nguvu. Alikuwa na huzuni ya kweli ya kushindwa, lakini kicheko kilikuwa kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kwa kilomita sitini zilizobaki aliendesha huku machozi yakimtiririka na mume wake akidhani analia.

Nyumbani alipasha moto supu ya bitiruti na kutenga perogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Orest alikaa upande mmoja wa kiti, kwa sababu tako la pili lilikuwa na vilio la zambarau, duara ukubwa wa sahani. Kalyna hakukaa.

"Mama, nataka kuzungumza na kocha."

Loretta alivua aproni, akaitundika, akageuka. "Kocha anasikiliza."

"Ijumaa ni mechi ya mwisho. Uwanjani utamweka yeye au utaniweka mimi."

Kijiko cha Orest kilisimama njiani. "Mimi ni baba yako."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe. Ungekuwa baba yake Lyle, ningekuwa naona."

"Lyle nilimzibia vilevile, tena miaka kumi na moja."

"Ulikuwa unamzuilia mashuti manne kwa mechi, tena yale ya kuzuilika. Kwangu ni kumi na saba. Unalalia hata yale yanayokwenda nje. Wiki iliyopita ulilalia shuti la mwenzetu."

"Alikuwa amelielekeza vibaya," alisema Orest.

"Alikuwa anampasia Ambrose."

Orest alitazama supu yake. Mtu mzima mwenye mabega ya kubeba magunia, anayeendesha ghala la nafaka la mji mzima, alionekana kama anayetafuta mahali pa kuingia ndani ya bakuli. "Lyle," alisema mwishowe, "alikuwa na shingo nene."

Mkono wa Kalyna ukaenda wenyewe shingoni, pale shuti lilipompiga zamani. Kalyna alimwangalia baba yake, na hasira ikamteleza kidogo, lakini akaidaka kabla haijaanguka. "Mimi nina kofia ya chuma, nina bamba la kifua, nina pedi za miguu ambazo mwenyewe unaziita magodoro. Wewe una nini? Una suruali. Mtu mwenye suruali anamlinda mtu mwenye magodoro." Akachukua perogi mbili mkononi. "Yeye au mimi, kocha. Usiku mwema, mama."

Loretta alibaki amesimama. Akimtoa binti, langoni anaingia Clem Haddow, mwenye miaka sitini na moja na mtoto wa jicho. Akimtoa mume, atakuwa amemtoa mtu ambaye hajakosa mechi tangu kabla hawajaoana, ambaye siku ya harusi yao alifika kanisani akichechemea.

"Utaandika nani?" aliuliza Orest.

"Kula," alisema Loretta. "Saa hizi mimi ni mama, kocha amekwenda kulala."

 

Kwa Velda, pale tunapokunywa kahawa, kuna ubao ukutani. Juu ameandika supu ya siku, chini huandika kila Jumatatu ni beki gani amezuia mashuti mangapi, na aliyeongoza hula kipande cha pai ya beri bila kuulizwa. Jina la Orest limekaa juu ya orodha ile muda mrefu hata Velda amelichoka. Msimu huu aliliandika kwa rangi isiyofutika.

Jumatatu ile Orest aliingia, akapangusa theluji, akainua macho. Supu ilikuwa ya njegere. Chini yake orodha ya mabeki, pamoja na lile jina lisilofutika, ilikuwa imefunikwa kwa karatasi. Karatasini paliandikwa: Wafungaji wa Minto Flats. Thorburn, moja. Kessel, moja. Dubyk, moja.

Watu kumi na wanne walikuwa wanakunywa kahawa yao kwa unyenyekevu wa hali ya juu.

"Shikamoo mfungaji," alisema mzee Clem, ambaye mtoto wa jicho hakumzuia kusoma ubao. Na kwa kuwa ni mzee yeye, kuamkiwa hivyo kulimchoma Orest mara mbili.

"Uliangalia kona kabla ya kupiga, au ni kipaji tu?" aliuliza Ambrose Tootoosis. Ambrose ni beki mwenza wa Orest, mtu wa futi sita na nusu na upana unaolingana, na ni rafiki yake wa kufa na kuzikana, kwa hiyo hakuwa na huruma hata chembe.

"Kilinigusa ncha tu," alisema Orest.

"Wafungaji wakubwa wote hutumia ncha."

Velda akaja na kipande cha pai, kikubwa, na kijiti kidogo cha bendera ya Minto Flats kimechomekwa katikati. "Usinilaumu mimi," alisema. "Wamepiga simu wenyewe asubuhi. Wamesema mchezaji wao asikose pai yake."

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka mpaka kahawa ikatoka puani. Mtu mmoja alitoka nje kwenda kucheka kwenye baridi. Orest aling'oa bendera, akaiweka kando ya sahani, akala pai yote mpaka makombo, kwa sababu mwanamume anaweza kunyang'anywa heshima lakini beri za Velda ni beri za Velda. Masikio yake tu ndiyo yaliyomsaliti. Yaliwaka kama ile taa ya nyuma ya goli.

Alipoinuka, Ambrose alimfuata hadi mlangoni. "Sikiliza, mzee. Ni kweli amesema yeye au wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Loretta kamwambia dada yake."

"Basi mji mzima unajua."

"Mji mzima ulijua jana. Leo wanajua Minto Flats." Ambrose akapunguza sauti. "Mwache msichana aone, Orest. Siku hizi hata mimi nikitaka kuzuia shuti nakukuta umeshalala pale. Juzi nilikanyaga kiwiko chako."

"Nilidhani ni kisahani kimenipiga," alisema Orest.

 

Jumatano mazoezini Kalyna alikuja na begi lake lakini hakulifungua. Alikaa jukwaani, mikono mifukoni, kama mkaguzi. Loretta alipuliza filimbi.

"Orest. Vaa vya kipa."

"Vya nani?"

"Vya Lyle. Viko kabatini, vinanuka, utazoea."

Ilichukua watu watatu kumfunga zile pedi. Akasimama golini ameinama, mnene, mzito, kama kochi lililotelekezwa njiani. Loretta akamwita Ambrose. "Wewe simama mbele yake. Kila shuti likija, ulalie kama anavyolalia yeye. Usizuie vizuri. Zuia kama Orest."

"Nizuie kwa mapenzi," alisema Ambrose.

"Hapo hapo."

Wakaanza. Shuti la kwanza liligonga gongo la Ambrose likaingia chini. La pili lilipita katikati ya miguu ya Ambrose, halafu katikati ya miguu ya Orest, likiwa limepungua mwendo kabisa, likitembea kama mgeni anayeangalia picha ukutani. La tatu Orest alilisikia tu. La nne lilimpiga kifuani, akashtuka, akageuka kulitafuta, akalisukuma ndani mwenyewe kwa kisigino. Wachezaji walikuwa wamelala juu ya barafu sasa, si kwa ajili ya kuzuia chochote. Hadi la tisa hakuwa amedaka hata moja.

Loretta akateleza hadi kwake. "Umeona nini?"

Orest alivua kofia ya chuma. Jasho lilimtiririka. "Makalio ya Ambrose."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, Loretta. Ni makalio ya Ambrose kutoka nguzo hadi nguzo." Akatazama kule jukwaani. Hakuwa anacheka. "Tangu Novemba anaona hivi?"

"Tangu Novemba," alisema Kalyna. Alikuwa ameshuka bila mtu kumwona, amesimama nyuma ya kioo. "Tena Ambrose amekuonea huruma. Wewe hupunga na mkono."

Orest akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji aliozaliwa, "Na lile shuti la mashindano ya mkoa, lile lililokupiga shingoni, uliliona?"

"Sikuliona. Ndiyo maana lilinipiga shingoni, baba. Ninachokiona hakiniumizi. Ninachokiona nakidaka."

Miaka yote hii Orest alidhani hatari inatoka kule mbele, kwa kina Wade. Sasa alikuwa amevaa harufu ya Lyle, kochi la binadamu, na anaambiwa kwamba hatari ilikuwa na namba nne mgongoni.

Kalyna akafungua mlango wa pembeni, akavuta begi lake. "Mwandike, kocha," alimwambia mama yake. "Akizuia, azuie kweli, mwili mzima. Akiona hafiki, ahame. Akinizibia mara moja tu, natoka kwa mlango wa nyuma na viatu vya barafu miguuni, nakwenda nyumbani."

"Ni kilomita tatu," alisema Loretta.

"Nitateleza."

 

Ijumaa Halvard yote ilihamia uwanjani. Ghala lilifungwa, kwa Velda palifungwa, na padri alikuja na kengele ya ng'ombe. Watu mia nne walipiga mabati kwa ngumi na kutikisa kengele, na moshi wa pumzi zao ukapanda hadi kwenye taa. Kwenye karatasi aliyompa refa, Loretta alikuwa ameandika Dubyk mara mbili.

Kipindi cha kwanza Orest alicheza kama mtu aliyeambiwa asijikune. Kila shuti lilipoinuliwa, goti lake lilianza kukunjika lenyewe, akalikaripia, likanyooka. Lakini yalipokuja mawili ya karibu, yale ya kweli, alilala kikamilifu, kifua na tumbo na paja, na visahani vikafia kwake kama nzi. Kalyna alimgonga mgongoni na gongo. Katika lugha ya makipa huo ni wimbo wa beti sita.

Kipindi cha pili, sisi mbili wao moja, Kessel alipiga kutoka mbali. Orest aliona hafiki. Akahama. Kisahani kikapita mahali alipokuwa, kikaingia.

Uwanja ukanyamaza, hata kengele ya padri. Orest aligeuka na uso wa mtu aliyeunguza nyumba. Alikuwa tayari kuomba msamaha, na alikuwa tayari, Mungu amsamehe, kusema unaona sasa.

Kalyna alikuwa anakunywa maji. "Nilikiona," alisema. "Nilikiona kikitoka kwake, nikakiona kikija, nikakiona kikiingia. Kosa langu, glavu ilichelewa. Asante, baba."

"Asante?"

"Ni bao la kwanza msimu huu nililotazama mwanzo hadi mwisho. Rudi kazini."

Ambrose akatufungia la tatu kwa bahati ambayo anaielezea mpaka leo kama ufundi. Tatu kwa mbili. Saa ikaanza kutembea kwa magongo. Minto Flats wakamtoa kipa wao, wakaleta mshambuliaji wa sita mahali pake, wakatubana, wakatukamua. Loretta alikuwa amekunja ile karatasi ya majina hadi ikawa ukubwa wa stempu. Sekunde tisa. Kisahani kikatoka kwenye kona, kikapita miguu ya watu watano, kikamfikia Wade Thorburn, peke yake, palepale alipokuwa Jumapili.

Wade akainua gongo.

Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba Kalyna angeweza kupiga baragumu na baba yake asisikie. Orest alikuwa hatua mbili kutoka njiani. Hatua mbili: angeweza kufika kwa nusu, kwa ncha, kwa kile kidogo ambacho mtu hukipa jina la upendo. Hangeweza kufika kwa mwili mzima. Goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza safari. Kila mfupa uliowahi kuvunjika ndani yake uliinuka na kupiga kura, na yote ilisema lala.

Akalivuta goti. Akanyooka, akavuta tumbo ndani, akajibana pembeni kama mtu anayempisha mwenye jeneza, akaacha katikati ya gongo la Wade na uso wa mtoto wake njia nyeupe, tupu, yenye urefu wa mita kumi na mbili.

Kisahani kilimpita kiunoni kikiwa na upepo wake. Hakugeuka. Hakuweza. Alisubiri mlio wa chuma, au wavu, au ule mlio mwingine ambao amekuwa akiuota. Badala yake alisikia ngozi ya glavu: pap, mkavu, mfupi, kama kofi la mlango wa kabati.

Alipogeuka, Kalyna alikuwa ameinua glavu juu kabisa, haisogei, na macho yake nyuma ya chuma yalikuwa makubwa na yanacheka. Honi ikalia. Loretta akaruka ukuta wa benchi na viatu vyake vya kawaida, akaanguka mara tatu kabla ya kufika golini, na kila alipoanguka aliinuka anacheka. Ambrose alimkalia Orest. Padri alirusha kengele.

 

Kwetu, mfululizo ukiisha, timu mbili hupanga mistari na kupeana mikono, mtu kwa mtu, hata kama dakika moja nyuma walikuwa wanang'oana meno. Orest aliupita mstari. Akafika kwa Wade.

Wade alimshika mkono asiuachie. Alikuwa na machozi ya kushindwa na tabasamu la kutaka kulipiza kidogo. "Mzee, lile la mwisho ulilikwepa. Nilikuona. Miaka yote hujawahi kunikwepa. Niambie kweli, uliogopa?"

Orest alimtazama Kalyna, aliyekuwa amebebwa na mama yake, au yeye ndiye aliyembeba mama yake, ilikuwa vigumu kujua. Akamgeukia tena Wade.

"Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe," alisema.

Wade Thorburn alivimba kwa fahari. Alikwenda na maneno hayo Minto Flats, na hadi leo huko anamsimulia kila anayekaa naye meza moja kwamba alishindwa fainali, sawa, lakini shuti lake lilikuwa zito hata Orest Dubyk wa Halvard likamtia hofu. Sisi tumemwacha anasimulia.